Gereji Ina Tangi la Kutenganisha Mafuta na Maji, Mbona Oili Bado Inafika Mtaroni?

Mvua ikinyesha, mtaro unaopita mbele ya gereji huwa hausemi uongo. Maji yanang'aa rangi za upinde wa mvua. Hiyo ni oili na dizeli inayoteremka kwenda bondeni. Jirani akilalamika, mwenye gereji anaonyesha tangi la chuma lililosimama kwenye kona ya uwanja na kusema, "Mbona tangi tunalo?"

Ni kweli analo. Shida ni kwamba halifanyi kazi, na huenda halijawahi kufanya kazi tangu siku lilipofungwa.

Si jambo dogo. Maji ya mtaro huishia mtoni, baharini au kwenye visima vifupi vya watu wa mtaa uleule. Kwa upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Kenya ina ile ya mwaka 1999. Wakaguzi wa mazingira wakifika, hawaangalii kama tangi lipo. Wanaangalia maji yanayotoka.

Basi, tangi hili linafanyaje kazi, na linaharibikia wapi?

Siri iko kwenye ukubwa wa tone

Tangi la kutenganisha mafuta na maji halina maajabu ndani yake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya oili ya injini ina uzito wa karibu kilo 0.88, na dizeli ni nyepesi zaidi kidogo. Kwa hiyo maji machafu yakitulia, mafuta hupanda juu, mchanga na tope huzama chini, na maji yaliyo safi zaidi hubaki katikati. Bomba la kutolea huchota hayo ya katikati.

Lakini mafuta hayapandi yote kwa kasi moja. Tone la oili lenye kipenyo cha milimita 0.15 hupanda mita moja kwa takriban dakika 11. Tone dogo mara kumi kuliko hilo, yaani la milimita 0.015, halichukui muda mara kumi. Linachukua mara mia! Hapo ni saa 18 hivi kupanda mita ileile moja.

Hakuna gereji yenye tangi la kuyatuliza maji saa 18. Ndiyo maana karibu kila kanuni ya kufunga na kutunza tangi hili inarudi kwenye mambo mawili: maji yapewe muda, na matone ya mafuta yasivunjwevunjwe.

Matangi bora yana mabamba ya plastiki yaliyopangwa karibu karibu ndani yake. Tone halihitaji tena kupanda mita nzima. Linapanda milimita chache tu, linagusa bamba, linaungana na mengine na kuwa tone kubwa, kisha linateleza hadi juu.

Kwa nini liwekwe juu ya ardhi?

Maeneo mengi ya pwani, kama Dar es Salaam na Mombasa, yana sehemu ambazo ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Tangi la kuzikwa likiwa tupu mahali kama hapo linaweza kusukumwa juu na maji ya ardhini. Likivuja, hakuna anayeona.

Tangi la juu linaonekana pande zote. Likitokwa na jasho la oili kwenye uungio, kila mtu anaona asubuhi hiyohiyo. Pia gereji nyingi zipo kwenye viwanja vya kupanga. Mkataba ukiisha, mwenye tangi analihamisha.

Ubaya wake ni mmoja: maji hayapandi yenyewe kuingia ndani. Na hapo ndipo wengi wanaanza kukosea.

Kosa la kwanza: pampu inayosaga mafuta

Njia ya haraka ni kuchimba shimo dogo, kutumbukiza pampu ya kawaida ya maji machafu, na kusukuma kila kitu hadi kwenye tangi. Pampu hiyo ina panga linalozunguka kwa kasi. Linafanya kazi kama blenda: matone makubwa yanakatwakatwa kuwa madogo kabisa, na maji yanatoka na rangi ya chai ya maziwa. Tangi lililogharimu pesa nyingi linakuwa limeshindwa kabla halijaanza.

Suluhisho la kwanza, na la bei nafuu kuendesha, ni kutotumia pampu kabisa. Sehemu ya kuoshea magari inajengwa juu, kwenye rampu ya zege, na tangi linawekwa chini yake ili maji yateremke yenyewe. Kiwanja chenye mteremko kinarahisisha kazi hii.

Kama pampu haikwepeki, inayofaa ni ya mwendo wa taratibu, mfano ya diaframu, inayovuta na kusukuma bila kusaga. Njia nyingine ni kuiweka pampu baada ya tangi, iondoe maji ambayo tayari yametenganishwa.

Kosa la pili: kusahau mvua kwenye mahesabu

Chukua mfano wa sehemu ya kuoshea magari yenye mashine mbili za presha, kila moja ikitoa lita 15 kwa dakika. Jumla ni lita 30 kwa dakika. Maji yakitakiwa kukaa nusu saa, zinahitajika lita 900 za nafasi ya maji peke yake. Ukiongeza nafasi ya tope chini na ya mafuta juu, tangi la lita 1,500 linaanza kuwa na maana.

Sasa mvua inyeshe. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Uwanja wazi wa mita za mraba 200 ukipigwa na mvua ya milimita 30 kwa saa hukusanya lita 6,000, sawa na lita 100 kila dakika. Maji hayo yote yakielekezwa kwenye tangi la lita 30 kwa dakika, yanapita kwa kasi na kubeba mafuta yaliyokwisha kutengana tangu wiki iliyopita. Oili yote iliyokusanywa inamwagwa mtaroni kwa mara moja.

Dawa yake ni mabati. Sehemu ya kuoshea na ya kumwagia oili inaezekwa, na tuta dogo la zege linajengwa kuizunguka ili maji ya uwanjani yapite pembeni. Paa ni rahisi kuliko tangi kubwa mara tatu.

Hatua za kufunga

Msingi kwanza. Tangi la lita 1,500 likijaa lina tani moja na nusu za maji, bila kuhesabu uzito wa tangi lenyewe. Linahitaji zege lenye nondo, si matofali yaliyopangwa juu ya udongo. Juu ya msingi fundi anatumia pima maji, kwa sababu tangi lililolala upande mmoja hupitisha maji kwa kasi upande huo na mafuta hufuata.

Pili, chemba ya mchanga. Inajengwa kabla ya tangi ili mchanga na udongo wa magurudumu uzame humo. Kuzoa mchanga kwenye chemba ya wazi ni kazi ya koleo. Kuuondoa ndani ya tangi ni kazi ya siku nzima.

Tatu, mabomba. La kuingizia linawekwa pana ili maji yaingie kwa utulivu. La kutolea lazima lianzie chini ya usawa wa mafuta, kwa kawaida kwa kiungo cha T kinachozama ndani ya maji. Bomba linalochota juu kabisa litatoa mafuta yenyewe. Valvu ya kufunga inawekwa kwenye njia ya kutolea, pamoja na mahali pa kuchotea sampuli.

Nne, usalama. Mvuke wa petroli hukusanyika ndani, kwa hiyo tangi lina bomba la kupumulia linalopanda juu, mbali na mashine ya kuchomelea na jiko la mama ntilie. Tangi la chuma huunganishwa na waya wa ethi. Kulizunguka hujengwa ukuta mfupi usiovuja. Kipimo kinachotumiwa sana ni ukuta uweze kushika asilimia 110 ya ujazo wa tangi. Koki ya kutolea maji ya mvua ndani ya ukuta huo hubaki imefungwa, na ikiwezekana yenye kufuli.

Tano, hatua inayosahaulika kuliko zote: kabla ya kuanza kazi, tangi linajazwa maji safi hadi yaanze kutoka upande wa pili. Likiwa tupu, mafuta ya kwanza kuingia yatatambaa chini na kutoka moja kwa moja.

Kosa la tatu: sabuni

Sabuni inapendwa kwa sababu inang'oa mafuta kwenye injini. Inafanya hivyo kwa kuyavunja kuwa matone madogo yasiyoweza kuungana tena kwa urahisi. Kwa maneno mengine, inafanya hasa kile ambacho tangi halitaki.

Vijana wa kuosha magari wakimwaga sabuni ya unga kwa mkono, hakuna tangi la kutuliza maji litakalowasaidia. Sabuni inapimwa kwa kipimo, na kuna zile za kuoshea magari zilizotengenezwa ziyaachie mafuta haraka. Vyuma vya injini vinaoshewa kwenye karai, siyo sakafuni. Oili iliyomwagika inanyonywa kwanza kwa maranda, ndipo maji yafuate.

Na oili chafu inayotolewa kwenye injini isimwagwe kabisa kwenye tangi hili. Inaingia kwenye pipa lake. Tangi ni la kukamata kilichoponyoka, siyo ghala la oili. Maji ya choo nayo hayaingii humo.

Ratiba ya matunzo

Kila siku, mtu mmoja anayejulikana kwa jina anaangalia maji yanayotoka, anakagua kama kuna uvujaji, na anazoa mchanga kwenye chemba.

Kila wiki, anapima unene wa mafuta. Kifaa ni kilekile cha kituo cha mafuta: fimbo ya kupimia iliyopakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Sehemu iliyolowa bila kubadilika rangi ndiyo kina cha mafuta. Fimbo hiyohiyo ikishushwa hadi chini huonyesha tope limefika wapi. Vipimo vinaandikwa kwenye daftari, kwa sababu mkaguzi akija, daftari ndilo linaloongea.

Mafuta yatolewe lini? Kiwango cha Ulaya cha EN 858 kinasema tangi lisafishwe tope likijaza nusu ya nafasi yake, au mafuta yakifika asilimia 80 ya nafasi yake. Kinataka pia ukaguzi wa mtu mwenye ujuzi angalau kila miezi sita. Gereji yenye kazi nyingi itafika huko mapema zaidi.

Mabamba ya ndani huoshwa kwa maji ya presha ndogo, na maji hayo hurudishwa mwanzoni mwa mfumo. Tangi likishasafishwa, linajazwa tena maji safi kabla ya kufungua valvu.

Kilichotolewa, iwe oili au tope, ni taka hatarishi. Hakiendi jalalani wala hakipakwi kwenye nguzo za uzio kufukuza mchwa. Kinakabidhiwa kwa mkusanyaji mwenye kibali, na risiti inabandikwa kwenye daftari.

Asiingie mtu ndani

Kazi ya kusafisha ina hatari moja kubwa. Tangi lililomwagwa linaonekana tupu, lakini lina mvuke wa petroli na huenda halina hewa ya kutosha. Mtu akiingia anaweza kuzimia ndani ya muda mfupi, na mwenzake anayeruka kumwokoa akaanguka juu yake. Usafi ufanyike kutoka nje, kwa bomba la kunyonyea na brashi yenye mpini mrefu. Kama lazima mtu aingie, hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa vya kupima hewa, si ya kijana wa gereji aliyefunga kitambaa puani. Sigara, simu na mashine ya kuchomelea vikae mbali.

Jaribio la chupa

Kwa anayetaka kujua leo kama tangi lake linafanya kazi, kuna jaribio lisilo na gharama. Chupa moja ya kioo inajazwa maji yanayoingia kwenye tangi, nyingine maji yanayotoka. Zote zinawekwa mezani nusu saa bila kutikiswa.

Chupa ya kuingia ikionyesha mafuta yameelea juu na maji yametakata chini, mfumo una nafasi ya kufaulu. Ikibaki nyeupe kama maziwa, tatizo haliko kwenye tangi. Liko kwenye sabuni au pampu, na kununua tangi kubwa zaidi ni kupoteza pesa.

Chupa ya kutoka nayo ikiwa na utando wa mafuta juu, wakati ile ya kuingia inatengana vizuri, basi tangi limejaa, limelala upande, au maji yanapita kwa kasi mno. Hapo fimbo ya kupimia na pima maji vitatoa jibu kabla mvua nyingine haijalitoa mtaroni.