Mfupa Umeunga, Mguu Bado

"Mwache kwanza, mwanangu, usije ukamtonesha," mama mmoja aliniambia nilipoanza kumkunja goti kijana wake, dereva wa bodaboda aliyevunjika paja. Ilikuwa wiki ya nane. Nikatoa futi kamba, ileile ya mafundi cherehani, nikalizungushia kila paja, sentimita 15 juu ya goti. Lile lililovunjika lilikuwa limepungua sentimita nne. Mama akanipokonya futi kamba, akapima mwenyewe.

Ndugu wengi huuliza swali moja tu: mfupa umeunga? Ni swali la haki, ila ajali kubwa haiishii kwenye mfupa. Paja likivunjika, lita nzima ya damu, hata zaidi, inaweza kumwagikia ndani ya nyama bila tone kuonekana nje. Mwili unashtuka. Homoni za mfadhaiko, kama kotisoli, zinapanda, na protini ya misuli inabomolewa ili kupata malighafi ya kuponya jeraha. Miaka ya 1930, David Cuthbertson wa Glasgow, Uskoti, alipima mkojo wa watu waliovunjika miguu akakuta naitrojeni nyingi mno, ambayo ni mabaki ya protini. Ilizidi kiasi ambacho kingeweza kutoka kwenye mguu ulioumia peke yake. Mwili mzima ulikuwa ukichangia.

Ndiyo maana chakula nakihesabu kuwa dawa. Supu ya makongoro inayoletwa wodini kwa upendo mkubwa haina ubaya, lakini protini yake ni pungufu: imekosa triptofani, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Ongezeni mayai, maharage, maziwa, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Na anayevuta sigara aache, kwa sababu sigara huchelewesha mfupa kuunga.

Mfupa wenyewe una ratiba yake. Damu iliyoganda pale ulipovunjika hugeuka tishu laini, kisha mfupa mchanga uliojaa mafundo. Paja la mtu mzima kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga, halafu mwili huendelea kuuchonga mfupa huo kwa miaka. Mwaka 1892 daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaoubeba. Usipobebeshwa kitu, hulegea.

Kwa hiyo aliyewekewa chuma ndani ya mfupa husimamishwa mapema, mara nyingi ndani ya siku chache, kwa kiwango alichoruhusu daktari aliyempasua. Aliyelazwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa mizigo huinuka na goti gumu kama mlango uliovimba kwa mvua, na kulilainisha kunauma. Maumivu ya kunyoosha goti lililokakamaa hayana maana kwamba mfupa umevunjika tena. Bali maumivu mapya makali pale pale palipovunjika, usaha, homa, au shavu la mguu kuvimba ghafla, mkiyaona hayo mrudisheni mgonjwa hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikata, msingoje hata saa moja: huenda damu iliyoganda mguuni imefika kwenye mapafu.

Yule kijana tulimwanzisha kwa kukaa kitandani na kunyoosha goti, mara kumi, asubuhi na jioni. Mama yake ndiye aliyekuwa akihesabu. Akifika saba kijana anaomba basi, mama anasema, "Nane."