Ubao wa Chaki na Kijiko cha Mwonjaji

Kila Desemba wahakiki wa Marekani na Uingereza hutoa orodha za tamthilia bora za mwaka, na kila Desemba watazamaji huwajia juu: hii imefikaje nafasi ya tatu, na ile iko wapi? Ugomvi huo hudhaniwa kuwa wa ladha, lakini sehemu kubwa ni wa kalenda. Mhakiki huhesabu mwaka ambao kazi ilitoka, mtazamaji huhesabu mwaka iliomfikia. Hata wahakiki wenyewe kalenda huwaponyoka: msimu wa pili wa Squid Game ulitoka tarehe 26 Desemba 2024, orodha nyingi za mwaka huo zikiwa zimeshachapishwa. Sasa ipandishe kalenda hiyo hadi Munanila, kwenye vilima vya Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu, mji ambao hadi 2022 ulitegemea majenereta ya dizeli. Huko kazi hufika kwa kuchelewa. Tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou, mke mwenye mama wakwe wawili, ilipowekewa sauti za Kiswahili na kurushwa TBC mwaka 2011, kwao China ilikuwa habari ya zamani. Huku Tanzania ilizungumzwa kiasi kwamba Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013.

Tena kinachofika huwa kimebadilika. Nje ya kibanda umiza, ukumbi mdogo wa kuonyeshea filamu, huwekwa ubao wa chaki wenye jina la filamu, na chini yake jina la aliyeitafsiri, kwa kuwa wengine humfuata yeye kuliko mwigizaji. Marehemu Lufufu, bingwa wa kazi hiyo, hakutafsiri tu: alisimulia, akafafanua, akatia utani pale mwongozaji alipoacha kimya. Ubao ule nao ni orodha, maana iliyojaza mabenchi jana hurudi leo. Mtazamaji wa kibandani akibishana na mhakiki wa New York, wawili hao hawakutazama kazi moja.

Basi wahakiki wa nini, atauliza mtu, si tuhesabu vichwa? Tuzo za AMVCA za filamu na tamthilia za Afrika, zilizoanza 2013, huwaachia watazamaji kura katika vipengele fulani na kuwapa majaji vingine. Lakini kura hupima kinachopendwa sasa, na waliokosa mtandao hawamo. The Wire, ya 2002 hadi 2008, haikuwa na watazamaji wengi. Mwaka 2021 BBC Culture iliwauliza wajuzi 206 wa nchi 43, wakaiweka ya kwanza kwa karne hii. Lakini haki itendeke pande zote: haikuwahi kupata Emmy hata moja, na Emmy hupigiwa kura na watu wa fani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mhakiki ni mtu wa mjini mwenye mazoea ya mjini. Kweli. Ila vilima vya Buhigwe hulimwa kahawa ya arabika, na mkulima wa arabika anaishi na hukumu ya mtu wa mbali. Mwonjaji hupanga vikombe bila kujua ni vya shamba gani, huvuta kahawa kwa kijiko kwa mlio mkali, huitema, kisha huandika alama za harufu, za uchachu, za uzito mdomoni, hadi ipatikane jumla kati ya 100. Mkulima anaweza kukataa, ila anaona alama zilipotelea wapi. Orodha nyingi za tamthilia hutoa namba na sentensi mbili za sifa, na tamthilia ndefu kama Huba na Jua Kali za Maisha Magic Bongo ni mtihani mwingine kabisa, kwa kuwa kuzionja ni kunywa gunia zima. Mhakiki wa kwetu angeweza kuianza Jua Kali sehemu ya kwanza, akaonyesha ni wapi mazungumzo yanalegea na ni nani anayeyabeba. Uandishi wa namna hiyo ni adimu magazetini, ambako ndoa ya mwigizaji hupata nafasi kubwa kuliko uigizaji wake.