Etaini ya Bisie inafanya kazi gani? Tuangalie treni ndogo za mezani

Kivu Kaskazini haina reli. Mtoto wa Walikale akitaka kuona treni, aende Kindu au Kisangani, na huko pia awe na bahati. Lakini Uingereza, Ujerumani na Japani kuna watu wazima, wengine wamestaafu, wanaounda treni ndogo za kutembea juu ya meza. Kazi yao inategemea madini kama haya ya Bisie.

Kasiterite ikiyeyushwa inatoa etaini, wengine wanaiita bati. Inayeyuka kwa digrii 232 tu, wakati shaba inataka zaidi ya 1,000. Ndiyo maana inaunganisha vipande vya chuma kingine bila kuviharibu. Karibu nusu ya etaini ya dunia inaenda kwenye kulehemu. Fundi wa simu pale Mubi anaijua: ni ile waya laini inayoyeyuka akiigusisha chuma cha moto.

Muunda treni ananunua boksi la vipande vya behewa, karatasi nyembamba za shaba ya manjano zilizokatwa kwa asidi. Anatoa kipande, anakikunja kwa koleo, anasafisha mahali pa kuunga, anapaka dawa, halafu chuma cha moto na etaini kidogo. Kidogo kweli! Ikizidi, behewa linaonekana kama lina upele. Vipande vingine vimemiminwa kwa etaini na risasi. Hivyo vinaungwa kwa mchanganyiko mwingine unaoyeyuka kwa digrii 70 hivi, la sivyo kipande chenyewe kinageuka uji na pesa imeenda.

Kisha jaribio. Behewa linawekwa juu ya kioo: magurudumu yote lazima yaguse. Likiyumba, kuna ekseli imekaa upande, basi lifunguliwe tena. Kwa treni za kipimo cha 1 kwa 87, reli ina upana wa milimita 16.5, kwa hiyo kosa dogo tu linaangusha. Halafu linasukumwa kwa kidole kwenye kona na pale njia zinapogawanyika, mbele na kinyumenyume, sababu kurudi nyuma ndiko kunaonyesha kasoro. Likiwa jepesi mno, anaweka vipande vya risasi sakafuni.

Viwanda vya kuyeyusha vinachanganya kasiterite za kila upande, hakuna atakayeonyesha tone lipi ni la Bisie. Hata hivyo mgodi wa Alphamin, uliofunguliwa 2019, unatoa karibu asilimia 6 ya etaini ya dunia. Tarehe 13 Machi 2025, kampuni iliposimamisha kazi kwa sababu M23 walikuwa wanasogelea, bei ilipanda hadi soko la London. Kazi ilirudi Aprili.

Zamani, kabla ya kampuni, wabebaji walitembea siku mbili porini hadi Njingala, kilo 50 mgongoni, wakitozwa kwenye vizuizi vya wenye bunduki. Kutoka hapo hadi Kilambo, ndege zilitua kwenye barabara ya lami.

Walikale haina kiwanda cha kuyeyusha. Kinachotoka ni mchanga mzito kwenye mifuko. Waya ya kulehemu inarudi Mubi kutoka nje, imezungushwa kwenye kigurudumu cha plastiki, na fundi wa simu anainunua.