Ua la Salvia na Baridi ya Nyanda za Juu

Leo twataka kusema habari ya salvia, lile ua jekundu kama moto lipandwalo mbele ya nyumba. Asili yake ni Brazili, lakini tunao ndugu zake hapa kwetu: litazame shina lake, utaona lina pembe nne kama la kivumbasi na la mrehani, maana mimea hiyo ni ya jamaa moja. Ndege chozi hulijia kufyonza utamu wake.

Mwenye kulipanda Njombe, Mufindi au Makete aweza kuliona limechanua vizuri wakati wa mvua, kisha asubuhi moja ya Juni au Julai akalikuta jeusi, kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Asidhani ni ugonjwa. Limeuawa na sakitu, yaani umande ulioganda. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu hutelemka mlimani kama maji, ikajaa bondeni. Ndiyo sababu bustani ya mteremkoni hupona, hali ile ya bondeni, ingawa si mbali, imeungua yote. Tena ugo mnene ulio upande wa chini wa bustani huizuia baridi isipite. Afadhali uache mlango wazi. Mahali pazuri kuliko pote ni karibu na ukuta wa nyumba, kwa kuwa ukuta hutunza joto la mchana.

Sia mbegu mwezi wa Oktoba katika sanduku, ili miche iwe tayari mvua zikishika. Usizifukie, maana hupenda mwanga. Zibonyeze tu juu ya udongo laini. Huota kwa muda wa wiki mbili hivi. Pandikiza kwa nafasi ya futi moja. Samadi iwe imeoza, wala isizidi, usije ukavuna majani matupu.

Kusanya mbegu kabla ya baridi. Kikombe cha ua hubaki chekundu hata ua lenyewe likiisha kuanguka, na mbegu, zisizozidi nne, zimo ndani chini kabisa. Zikiiva hudondoka upesi. Basi chuma vikombe vinapoanza kupauka.

Kama kwako sakitu haikosi kila mwaka, tafuta salvia ya Meksiko, yenye maua ya zambarau kama mahameli. Mashina yake yakikaushwa na baridi, mara nyingi mizizi hubaki hai. Yakate karibu na ardhi, nayo huchipua joto lirudipo.