Usitupe hiyo kompyuta ya kitambo, kagua kapasita kwanza

Kuna ile Pentium 4 imekaa chini ya meza kwenu, siku hizi kazi yake ni kubeba redio. Ukiiwasha, feni inazunguka kidogo kisha kimya. Kila mtu anakwambia ni takataka. Mazee, ngoja kwanza.

Chomoa waya, toa kifuniko na uangalie madabodi, hasa karibu na prosesa. Utaona vikopo vidogo vimesimama wima. Hizo ndizo kapasita, na kazi yake ni kutuliza umeme. Kichwa chake kinafaa kuwa bapa. Kikiwa kimevimba au kinatoa uchafu wa kahawia, umepata mgonjwa. Bodi nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 ziliharibika hivi kwa sababu kemikali ya ndani ya kapasita ilikuwa mbovu.

Sasa, kabla ushuke Luthuli Avenue, soma maandishi ubavuni. Mimi sikusoma. Kwa duka moja nikapewa "inayofanana," nikalipa na kuondoka nikitabasamu. Siku tatu baadaye ikavimba. Doo ikaenda.

Kwa hivyo shika haya. Ikiwa imeandikwa 1000 µF, tafuta 1000 µF. Volti ziwe sawa au zaidi, kamwe zisiwe chini: ya 6.3 unaweza kuweka ya 10. Joto liwe nyuzi 105, si 85. Itisha zile za ESR ya chini. Pima pia unene, kwa maana ikiwa nono haitaingia.

Je, unaweza kung'oa kwenye bodi iliyokufa? Chipu na soketi, sawa, hapo ni shamba la bure. Lakini kapasita nunua mpya. Ya zamani imezeeka kama hiyo unayotoa.

Ukilehemu, kumbuka mstari ulio ubavuni ni upande wa hasi. Ukiigeuza, inaweza kukulipukia usoni. Na lile boksi la pawa usilifungue. Hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Mwachie fundi.

Yetu iliwaka jaribio la pili. Sasa ndogo wangu anajifunzia kuchapa hapo, na hakuna mtu nyumbani anaiita takataka tena.

Luthuli vipuri viko, msee. Wewe tu ndiwe unafaa kufika ukijua unachoitisha.