Kulala siku chache, bili ileile

Huko Marekani, mgonjwa aliyebadilishiwa nyonga katika hospitali ya mifupa pekee huruhusiwa mapema kuliko mwenzake aliyelazwa katika hospitali inayotibu kila kitu. Mtu angedhani basi hospitali hiyo inatumia fedha kidogo. Mwaka 2005 MedPAC, tume inayolishauri Bunge la nchi hiyo kuhusu Medicare, bima ya wazee, ilipekua mahesabu ya hospitali za aina hiyo zinazomilikiwa na madaktari. Siku za kulazwa zilikuwa chache kweli. Gharama kwa kila mgonjwa hazikuwa chini.

Fedha nyingi huteketea siku ya kwanza: kiungo bandia, nusukaputi, mashine, wapasuaji na wasaidizi wao. Siku ya nne mgonjwa anakunywa uji, anabadilishiwa bandeji, anafundishwa kutembea. Ukiifuta siku hiyo, umefuta iliyo rahisi kuliko zote.

Halafu kuna suala la nani analazwa wapi. Tangu 1983 Medicare hailipi hospitali kwa kuhesabu siku; hulipa kwa mkupuo kulingana na aina ya matibabu. Nyonga ya mzee mwenye kisukari na figo mbovu ililipiwa karibu sawa na ya mzee mwenzake anayecheza gofu kila Jumamosi. Anayempata mcheza gofu hubaki na chenji. Na mwenye uwezo wa kuchagua alikuwepo: sheria ilimkataza daktari kumpeleka mgonjwa kwenye maabara aliyo na hisa zake, ila ikamruhusu kuwa na hisa katika hospitali nzima, hata kama hospitali hiyo ni vyumba vichache vya upasuaji na wodi moja. MedPAC ilikuta wagonjwa wa huko kwa kawaida wana hali nafuu, na wenye Medicaid, bima ya maskini, ni wachache.

Simbezi bingwa. Anayefanya upasuaji uleule kila siku mkono wake hukomaa, hilo halina ubishi. Lakini usiku, mgonjwa akizidiwa? Ukaguzi wa serikali uliotolewa 2008 ulionyesha kuwa theluthi mbili ya hospitali hizo ziliweka simu ya dharura, 911, katika taratibu zao za kumwokoa mgonjwa. Hospitali inaita gari la wagonjwa! Gari hilo huelekea hospitali kubwa, inayolipa madaktari wa zamu usiku kucha, na gharama hiyo huandikwa kwenye daftari la hospitali kubwa.

Sheria ya afya ya 2010 ilizizuia hospitali mpya za madaktari kuilipisha Medicare; za zamani zikabaki. Kwangu mimi, hatua ya maana zaidi ilikuja kabla, Oktoba 2007, Medicare ilipoanza kupanga malipo kwa uzito wa hali ya mgonjwa. Mwenye figo mbovu alipolipiwa zaidi, faida ya kumkwepa ikapungua.