Upinde wa Wahadzabe na Elimu ya Porini

Upinde wa Mhadzabe ni uti mmoja wa mti, mrefu sawa na kimo cha mwenyewe au zaidi, uliofungwa ugwe wa kano za mnyama. Hauna kifaa cha kulengea, hauna gurudumu wala kipande cha chuma. Kwa uti huo watu wa nyika inayolizunguka Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hujipatia kitoweo kuanzia ndege wa mtini hadi pofu. Wahadzabe wote ni kati ya watu 1,000 na 1,500, wengi wao wakiwa pande za Mangola na bonde la Yaeda, na lugha yao yenye vidoko haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Ni sehemu ndogo tu yao inayoishi leo kwa kuwinda na kuchuma peke yake. Hata hivyo, anayetaka kuanza upinde wa jadi hatapata mfano bora kuliko huu, kwa sababu huku upinde haujaachana na mambo yanayoupa maana: mti, nyayo, moto, asali na maji.

Kazi huanzia kwenye mti. Upinde ukivutwa, upande unaomwelekea mpigaji hubanwa, na upande wa mbele hunyooshwa kwa nguvu. Mti unaofaa ni ule unaostahimili yote mawili bila kupasuka na bila kubaki umepinda. Mkole ni mmojawapo wa miti hiyo, na ndiyo maana jamii nyingi za nyika, si Wahadzabe peke yao, huutafuta. Hukatwa tawi nyoofu lisilo na vifundo, likaambuliwa gome, kisha likachongwa kwa kisu lipungue unene taratibu kutoka katikati kwenda kwenye ncha. Penye kombo hupashwa moto na kubanwa kwenye panda ya mti hadi panyooke.

Anayechonga upinde wake wa kwanza huharibu kwa namna mbili. Ya kwanza ni kukwangua upande wa mbele. Nyuzi za mti za upande huo ndizo zinazobeba mvuto wote, na zikikatwa mahali pamoja tu, upinde utavunjika ghafla siku moja, mara nyingi ukiwa umevutwa mbele ya uso wa mtu. Ya pili ni haraka. Mti usiokauka vizuri hulegea na kubaki umejikunja kama jembe lililochoka. Fundi mwenye subira huuvuta upinde kidogo, akautazama kwa mbali kama mikono yote miwili ya upinde inapinda sawasawa, akakwangua penye ukaidi, akauvuta tena zaidi kidogo. Kazi hii ya kuvuta na kutazama ndiyo moyo wa ufundi, na haina njia ya mkato.

Pinde za Wahadzabe ni nzito kuliko zinavyoonekana. Zilizopimwa zilihitaji kwa wastani nguvu ya kilo 30 hivi kuzivuta hadi mwisho, na nyingine zilipita kilo 40. Huko Kenya, Wawaata wa nyika ya Tsavo na mto Galana, ambao majirani waliwaita Waliangulu, walikuwa na pinde za tembo zilizopita kilo 45. Pinde hizo zinaingia katika safu moja na zile zilizoopolewa kutoka meli ya Kiingereza Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, ambazo wanahistoria wa vita huzitaja kwa mshangao.

Mshale ni kazi ngumu kuliko upinde, ingawa wengi hudhani kinyume chake. Mhadzabe hubeba aina kadhaa kwa pamoja: wa mti mtupu uliochongwa ncha, kwa ndege na wanyama wadogo, wenye chembe pana ya chuma isiyo na sumu, na wenye chembe iliyopakwa sumu, kwa wanyama wakubwa. Chembe nyingi hufuliwa kutokana na misumari mikubwa, kwa kugongwa juu ya jiwe. Uti wa mshale hunyooshwa kwa moto na meno: hupashwa pale penye kombo, huumwa na kukunjwa kidogo, kisha mtengenezaji hufumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake wote. Hurudia hivyo mara nyingi, na tena kabla ya kila safari, kwa maana uti hurudia kombo lake kwa unyevu wa usiku.

Unyoofu peke yake hautoshi. Ugwe unapoachiwa, husukuma mkia wa mshale wakati ncha bado nzito na imetulia, kwa hiyo mshale hujikunja kama samaki, ukauzunguka uti wa upinde, kisha ukanyooka ukiwa angani. Mshale mgumu kupita kiasi hauwezi kujikunja hivyo, na kwa mpigaji wa mkono wa kulia huenda kushoto ya shabaha. Uliolegea mno huenda kulia. Ndiyo sababu mishale ya mtu mmoja haiendi vizuri katika upinde wa mwingine, na mwanafunzi anayelaumu mkono wake kila mara anapokosa upande uleule angefanya vema akague mishale kwanza. Manyoya ya mkiani, ya kanga au ya tai, huuvuta mkia urudi nyuma ya ncha. Yakitoka bawa la upande mmoja, huuzungusha mshale na kuutuliza.

Sumu ndiyo iliyoufanya upinde wa Afrika Mashariki uangushe wanyama wakubwa. Wahadzabe hutumia utomvu wa waridi la jangwani, kile kichaka cha shina nene na maua ya waridi ambacho mijini hupandwa kwenye vyungu vya mapambo. Wawaata, Wagiriama na Wakamba walitegemea mti uitwao msunguti. Nguvu ya msunguti inatokana na kemikali iitwayo ouabaini, ambayo Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitenga mwaka 1888. Jina lake lina asili ya neno la Kisomali la mti huo, waabaayo. Ouabaini huzuia pampu ndogo zinazotoa sodiamu ndani ya chembechembe za mwili na kuingiza potasiamu, na moyo hupoteza mpangilio wa mapigo. Pampu hizo ziligunduliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Msasi wa Galana alijua matokeo yake karne nyingi kabla: kwamba sumu ikiingia katika damu mnyama hufika mwisho, lakini nyama ikiliwa haidhuru, kwa kuwa tumboni ouabaini hufyonzwa kidogo sana. Nyama inayozunguka jeraha hukatwa na kutupwa.

Si binadamu pekee aliyegundua msunguti. Yuko panya mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu ambaye hutafuna gome la mti huo na kujipaka mate yake ubavuni, na mbwa anayemng'ata huweza kufa. Sumu nyingine ya mishale, ya mimea ya jamii ya strofanto, iliwafikia madaktari wa Ulaya kwa bahati. John Kirk, aliyekuwa katika msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, na ambaye baadaye alikuwa konsuli wa Uingereza Zanzibar, alihisi uchungu kwenye mswaki wake uliokuwa umewekwa pamoja na sumu hiyo, akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliifanyia utafiti, na kwa miaka mingi Ulaya iliitumia kama dawa ya moyo.

Kwa anayeanza, somo la sumu linaishia hapo. Hana haja nayo, na ikiingia kwenye mchubuko mdogo wa kidole inaweza kuua. Wahadzabe wenyewe huizungushia chembe iliyopakwa utepe laini wa ngozi, ili sumu isikauke na asichomwe mtu njiani.

Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo akiwa na miaka mitatu hivi. Hakuna mwalimu anayemsimamia. Hucheza na wenzake kutwa nzima, wakifuma vibuyu, mijusi na ndege, wakubwa wakiwaonyesha wadogo. Mtu mzima anayeanza mjini hana miaka hiyo, lakini anaweza kufuata mpangilio uleule wa kuanzia chini. Upinde wa kilo 9 hadi 14 unamtosha. Asimame ubavu ukielekea shabaha, miguu ikiachana kwa upana wa mabega. Avute ugwe kwa vidole vitatu hadi mkono uguse mahali palepale kila mara, mathalani pembe ya mdomo, na nguvu itoke mgongoni, si kwenye kiwiko. Shabaha iwe gunia lililoshindiliwa majani, umbali wa hatua tano au kumi, nyuma yake pakiwa na tuta la udongo. Asiachie ugwe bila mshale hata siku moja, kwa sababu nguvu iliyopaswa kuuendesha mshale huurudia upinde na kuuvunja. Baada ya mazoezi ugwe ulegezwe.

Shabaha hupatikana kwa miezi. Pori huchukua miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya kumbukumbu za wawindaji zaidi ya 1,800 kutoka sehemu 40 duniani, ulionyesha kuwa ustadi wa kuwinda hufikia kilele kwenye umri wa miaka 33 hivi, miaka kadhaa baada ya nguvu za mwili kukomaa. Kinachoongezeka katika miaka hiyo ni kusoma ardhi. Unyayo mpya una kingo kali. Jua na upepo huzimomonyoa. Unyayo wenye njia ya mdudu iliyopita juu yake huenda ni wa jana usiku. Asubuhi na jioni jua likiwa chini, kivuli huujaza unyayo na kuuonyesha wazi, ilhali saa sita mchana njia hiyohiyo hupotea machoni. Upepo hupimwa kwa kudondosha vumbi la mkononi, na msasi hujipanga awe upande unakoelekea.

Mnyama akifumwa, Mhadzabe hamkimbilii. Hukaa kimya, huangalia alikoelekea, mara nyingi hurudi kambini na kwenda kumfuata pamoja na wenzake baada ya saa kadhaa. Anayefukuzwa hukimbia mbali. Anayeachwa hulala karibu. Damu nayo husomwa: yenye povu na wekundu mwangavu imetoka mapafuni, nyeusi na nzito imetoka ini. Katika elimu yote ya usasi hakuna kinachomgharimu mgeni kama kukosa subira ya saa hizo.

Moto hupekechwa. Kiswahili kina majina ya vijiti vyake, ulindi na uwimbombo, ambayo vijana wachache wa mijini wanayajua leo. Uwimbombo ni kipande cha mti laini kilicholazwa chini, chenye kitundu na mkato pembeni. Ulindi ni kijiti kigumu kinachosimamishwa kitunduni na kusokotwa kati ya viganja. Viganja huanzia juu, hushuka vikikandamiza, hurejea juu upesi bila kukiacha kijiti kipoe. Unga mweusi hujikusanya kwenye mkato na kuangukia kwenye ubapa wa kisu. Moshi wa mwanzo humdanganya mwanafunzi akaacha. Stadi huongeza kasi hapo hasa, hadi unga wenyewe utoe moshi bila kusuguliwa. Kaa hilo dogo huwekwa katika fungu la nyasi kavu na kupulizwa polepole. Wahadzabe wawili wakipokezana, dakika chache zinatosha. Anayeanza hupata malengelenge kwanza.

Asali hutafutwa pamoja na ndege. Ndege huyo, mlembe, hujua ulipo mzinga lakini hawezi kuupasua. Mtu ana shoka na moshi lakini hajui ulipo. Wahadzabe humwita kwa mluzi wenye mahadhi, na Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji kwa mtetemo wa midomo unaoishia kwa mguno. Utafiti wa mwaka 2016 huko Niassa ulionyesha kuwa mwito wa Wayao uliongeza nafasi ya kuupata mzinga kutoka asilimia 17 hadi 54. Mwingine wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa mlembe wa Eyasi huitikia mluzi wa Kihadzabe mara tatu zaidi ya mwito wa Kiyao, na wa Niassa huitikia zaidi mwito wa Kiyao. Mzinga ukishapasuliwa, mlembe hujilia nta na mana.

Chakula cha kila siku, hata hivyo, hakitegemei mshale. Siku nyingi wanaume hurudi mikono mitupu, na kambi hula mizizi inayochimbwa na wanawake kwa miti iliyochongwa ncha, pamoja na ubuyu na matunda madogo ya vichakani. Maji ya kiangazi hufukuliwa kwenye mchanga wa mito iliyokauka. Mafunzo ya pori yanayosahau mti wa kuchimbia yamefundisha nusu tu.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na upinde huko ni wa kulenga shabaha tu. Mpango wa mto Galana ulioanza mwaka 1960, wa kuwapa Wawaata kazi ya kuvuna tembo kihalali, haukudumu, na pinde zao kubwa hazitengenezwi tena kama zamani. Tanzania huruhusu uwindaji kwa kibali chini ya sheria ya mwaka 2009, na asiye nacho hutenda kosa hata akiwa na upinde wa mkole. Mgeni anayetaka kujionea kazi yenyewe hufika Mangola na kutembea na wenyeji alfajiri, kwa makubaliano nao.

Wahadzabe wenyewe wamebanwa na mashamba na malisho yanayoingia nyikani mwao. Mwaka 2011 vijiji vyao vya bonde la Yaeda vilipewa hati ya kimila ya ardhi ya zaidi ya hekta 20,000. Ndani ya mipaka hiyo mna mikole ya pinde, mibuyu yenye nyuki, mizizi ya kuchimba na mapito ya wanyama kwenda majini.